Makalio ya Fahali wa Dhahabu

Nililipa rupia 1,000 za Nepal nikaishia kuonyeshwa makalio ya ng'ombe dume.

Hekalu la Pashupatinath mjini Kathmandu lina mlango mkubwa upande wa magharibi, na mlango wenyewe huachwa wazi. Ukisimama nje unamwona Nandi, fahali anayepandwa na Shiva, amelala mbele ya bwana wake, mkubwa ajabu, anang'aa dhahabu mwili mzima. Ila kwa kuwa uso wake umeelekea ndani kwa mungu, wewe uliye nje unabaki na mkia, mapaja, na vitu vingine ambavyo mchongaji hakuona haya kuvichonga. Pembeni pana kibao: wasio Wahindu hawaruhusiwi kuingia.

"Na hapa ndipo ziara ya ndani inapoishia," akasema mwongozaji wetu, "hata kabla haijaanza."

Kundi likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana niliutambua mzaha wa kazi. Ule ameshautoa mara elfu, na ameupanda pale pale panapouma ili aliyelipa asianze kunung'unika. Nami nilikuwa na wangu. Kabla sijaja Ghuba niliongoza watalii miaka sita katika magofu ya Gede, kule kwetu karibu na Malindi, na mzaha wangu ulihusu vyoo vya kasri. Ulifanya kazi kila siku isipokuwa Jumapili moja nilipopewa basi zima la masista.

Siku hizi niko Doha, mapokezi ya hoteli, mara nyingi zamu ya usiku. Mwenzangu wa zamu ni binti wa Kinepali anayeniita didi, dada mkubwa, kwa kuwa nimemzidi miaka kumi. Wageni wakishalala tunauziana kwetu: mimi nampa bahari, yeye ananipa milima. Likizo yangu ilipofika na nauli ya Mombasa ikawa haishikiki, akaniambia, "Didi, nenda kwetu. Binamu yangu ana leseni ya kuongoza watalii, atakuchomeka kwenye kundi." Ndege kutoka Doha ni saa nne na ushei. Karibu abiria wote walikuwa vijana wa kiume wanaorudi kutoka kazini, na pale mizigo inapozunguka niliona mablanketi na televisheni kuliko mabegi. Viza unapewa hapo hapo uwanjani, dola 30 kwa siku 15.

Binamu huyo nitamwita Dai. Dai ni kaka mkubwa kwa Kinepali, na sikusikia mtu akimwita jina jingine. Yeye aliniita bahini, mdogo wake wa kike. Asubuhi ya kwanza nilimnong'oneza kwamba hata mimi niliwahi kuifanya kazi hii, akanitazama vile dereva wa matatu anavyomtazama abiria anayejitambulisha kuwa naye ni dereva.

Bonde la Kathmandu liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kama eneo moja lenye sehemu saba: viwanja vya kasri za Kathmandu, Patan na Bhaktapur; stupa mbili za Kibudha, Swayambhu na Boudha; na mahekalu mawili ya Kihindu, Pashupati na Changu Narayan. Ziara ya siku moja hukupitisha manne, na usiku ukilala unaota macho, kengele na ngazi bila kujua kipi kilikuwa cha wapi. Dai alitupa siku mbili, na hata hivyo Changu Narayan hatukufika. Bhaktapur tulipita mbio. Niliona Nyatapola, hekalu la orofa tano la mwaka 1702 lililosimama katika tetemeko la 1934 na likasimama tena katika lile la 2015, kisha nikala mtindi wao mzito wa kwenye kibakuli cha udongo, juju dhau. Nikiulizwa leo ni kipi nakikumbuka vizuri zaidi, ni mtindi.

Tulikuwa sita: mzee wa Kijerumani na mkewe, wasichana wawili wa Kikorea, kijana wa Australia mwenye kamera ya lenzi ndefu kama mtutu, na mimi, ambaye kila muuza shanga alinikadiria nchi tofauti.

Tulianzia Swayambhu. Kilima kina ngazi 365 upande wa mashariki, na tumbili kila ngazi. Dai hakusema neno juu ya Budha pale chini. Alituambia tu kila mtu aangalie ameshika nini mkononi, kwa sababu tumbili wa pale hawaombi. Mkorea mmoja alikuwa na ndizi. Tulipofika ngazi ya ishirini hakuwa nayo.

Juu, tukiwa tunahema, ndipo akatoa hadithi. Bonde lote hili lilikuwa ziwa, na katikati ya ziwa pameota yungiyungi lenye mwanga wake lenyewe. Manjushri, mtakatifu wa hekima, akaja kutoka kaskazini kuliona, akapasua mlima kwa upanga wake pale Chobhar, maji yakakimbia kusini, na ua likabaki limetua juu ya kilima hiki. Wanajiolojia nao wanasema bonde lilikuwa ziwa. Wanabishana na Dai kuhusu upanga tu.

Nieleze stupa ni nini kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, kwa sababu mimi nilifika nikidhani ni aina ya hekalu. Hakuna ndani. Ni kilima kilichojengwa, kuba jeupe lililoshiba, juu yake pana kisanduku cha pembe nne chenye macho yaliyochorwa kila upande, halafu pete 13 zinazopanda zikipungua, ambazo ni hatua 13 za kufikia uamsho. Mahali pa pua pana alama kama ndoano. Wengi hudhani ni pua kweli, kumbe ni tarakimu moja ya Kinepali. Basi huingii popote. Unazunguka, daima kuba likiwa mkono wako wa kulia, na kuzunguka huko ndiko ibada.

Hatua chache kutoka kwenye stupa hiyo ya Kibudha pana kijihekalu cha Harati, aliyeogopwa na kubembelezwa kama mama wa ndui, mlinzi wa watoto. Foleni ilikuwa ya akina mama wenye sahani za mchele, mayai na unga mwekundu. Mwaustralia akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: hawa ni Wahindu au Wabudha?

"Muulize mwenyewe," Dai akamwonyesha mzee aliyeketi kando ya mlango.

Kijana akauliza. Mzee akatikisa kichwa kwa upole akajibu, "Ndiyo."

Baadaye nilisikia kwamba jibu hilo ni la zamani sana kwa Wanewari, wenyeji wa bonde lile, na nikaanza kushuku kwamba mzee yule na Dai wanagawana bakshishi. Lakini hata kama wanagawana, jibu ni sahihi. Akina mama wale hawakuwa wamebeba sahani za dini mbili.

Boudha ni nyingine. Kule Swayambhu unapanda. Boudha inakaa katikati ya mtaa kama kisima, nyumba zimeizunguka, na watu wanazunguka nayo kama maji. Ina kimo cha mita 36 hivi. Baada ya 1959, Watibeti waliokimbia kwao waliweka makazi kandokando yake, na jioni wazee wa Kitibeti wanatoka na tasbihi zao, wengine wakisujudu kifudifudi kila hatua, wengine wakipiga soga, na mmoja niliyemwona mimi akizunguka huku akigombana na mtu kwenye simu. Nilipenda sana kwamba hakuna aliyemnyamazisha.

Dai akatukalisha juu ya paa la mgahawa akatuhadithia mwanamke mfuga kuku. Mama huyo alimwomba mfalme ardhi ya kujenga stupa, kiasi kinachoenea ngozi moja ya nyati. Mfalme akakubali, ngozi moja ni nini. Mama akaikata ngozi nyuzi nyuzi, akaziunga, akazungushia eneo lote unaloliona. Wakubwa wakaenda kulalamika, mfalme akasema ruhusa imeshatoka mdomoni, hairudi. Ndiyo maana Watibeti wanaiita stupa hiyo Jarung Khashor, jina lenye maana hiyo hiyo.

Nikanyanyua mkono kama mtoto wa shule. Nikawaambia kwamba hadithi ya Kilwa inasema Ali bin Hassan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kile kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mjerumani akasema hata Wagiriki na Warumi wanayo ya ngozi, ya malkia wa Carthage. Dai akafikiri kidogo, akasema, "Basi duniani kote mwenye ardhi hajui hesabu." Mzaha ule nauhakikishia haukuwa wa kazi, alicheka mwenyewe.

Wakati tunashuka alitaja tetemeko, akiwa anatembea, bila kusimama. Tarehe 25 Aprili 2015, ukubwa wa 7.8, karibu watu 9,000 wakafa. Mnara wa Boudha ulipasuka, ukavunjwa mpaka kwenye kuba, ukajengwa upya kwa michango ya waumini wenyewe, ukafunguliwa tena Novemba 2016. Siku ile ilikuwa Jumamosi, siku ya mapumziko ya Nepal, shule zimefungwa. "Ingekuwa Ijumaa," akasema, akaachia hapo, akauliza nani anahitaji choo.

Kisha, bila shaka, duka. Kila ziara duniani ina duka, na la Kathmandu linaitwa shule. Unaingizwa kwenye "shule ya thangka", picha za Kibudha zinazochorwa juu ya kitambaa, ambako kijana mmoja anachora jicho la Tara, mungu wa kike wa Kibudha, kwa brashi ya unywele mmoja, hatazami juu, na mwenzake aliyevaa vizuri anakueleza tofauti ya kazi ya mwanafunzi na ya bwana mkubwa, tofauti ambayo ipo hasa kwenye bei. Halafu mabakuli yanayolia, yanawekwa kifuani mwako yakagongwa. Mke wa Mjerumani alilia kidogo, akanunua mawili. Nilimwona Dai amesimama mlangoni anasoma simu, na nilijua anahesabu asilimia. Sikumlaumu. Pale Gede mshahara wangu ulikuwa vinyago vya twiga.

Turudi kwa fahali, maana siku ya pili asubuhi ndipo tulipomwona, na baada ya kicheko kile Dai alifanya jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile.

Alitukusanya chini ya mti, mbali na mto, akamaliza maelezo yote hapo. Kwamba ndani mna lingamu, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva, yenye nyuso nne, na kwamba makuhani wanaoigusa hutoka kusini mwa India. Yeye mwenyewe, Mhindu, aliyezaliwa umbali wa dakika ishirini, hajawahi kuigusa na hatawahi. Kwamba mto Bagmati, huu mwembamba unaouona, unamwaga maji yake mwishowe kwenye Ganges. Kwamba maiti huoshwa miguu mtoni, hufunikwa kitambaa cha rangi ya machungwa, na mtoto wa kiume ndiye huwasha moto, mdomoni, kwa kuwa pumzi ilitokea hapo. Hunyolewa, huvaa nyeupe, hukaa matanga siku 13. Kwamba tangu 2016 pana tanuri la umeme pia, lenye bei nafuu na haraka zaidi, ila wengi bado wanataka kuni.

"Maswali yaulizeni sasa," akasema, "kule sitaongea."

Tukavuka daraja hadi ng'ambo ya mashariki, tukaketi kwenye ngazi za mawe mbele ya safu ya vijihekalu vya Shiva. Upande wa pili wa mto, hatua kama thelathini, mioto mitatu. Sisi pwani ya Kenya kuchoma maiti tunakujua kwa kukusikia, ni mambo ya Wahindi, yanafanyika nyuma ya kuta. Pale hakuna ukuta. Harufu si ile niliyoiogopa. Ilikuwa ya kuni, siagi na nywele. Kijana mmoja mwenye upara mpya, bado una michirizi ya wembe, alikuwa anazunguka maiti ya mzazi wake huku mjomba amemshika bega, kwa sababu miguu ilikuwa haimtii.

Mwaustralia akainua mtutu wake. Dai hakumkataza. Alisogea polepole mpaka akawa mbele ya lenzi, akamgeukia, akamwomba amshikie mwavuli afunge kamba za kiatu. Kijana akaweka kamera chini, akashika mwavuli. Dai akafunga kiatu kimoja, akafikiri, akafungua cha pili akakifunga upya. Alipomaliza, moto ulikuwa umeshika na familia imekaa chini. Kazi ya miaka sita niliyoifanya mimi haikuwa na dakika mbili nzuri kama hizo.

Kuna Wanepali wanaokerwa na ziara hizi, kwamba wageni wanakatiwa tikiti kuja kutazama misiba, na mimi niko upande wao ingawa nilikuwa nimeketi pale na tikiti mfukoni. Masadhu, watawa wa Kihindu waliopakwa majivu, wanaotoza pesa za picha hawanisumbui, hiyo ni biashara na wanaijua kuliko sisi. Yule kijana wa upara ndiye hakuuza kitu.

Kabla hatujainuka walileta sanduku. Si machela ya mianzi kama wengine. Sanduku la mbao lenye utepe na karatasi za uwanja wa ndege zilizogundishwa. Kathmandu yote inalijua. Uwanja wa ndege uko jirani kabisa na Pashupati, na vijana wa Kinepali wanaofia Ghuba na Malaysia hushushwa karibu kila siku. Dai akainama sikioni mwangu. "Wa kwenu huko, bahini," akasema, akiwa na maana ya Doha. Nikakumbuka ndege niliyokuja nayo na mablanketi yale yote. Sikuuliza kama masanduku husafiri na abiria. Nafanya kazi hotelini, najua jibu.

Nikatazama tena ule mlango wa magharibi tulipokuwa tunatoka. Watu walikuwa wanaingia na maua, wanavua viatu, hawatutazami. Misitu yetu mitakatifu ya kaya nayo iliingia kwenye orodha hiyo hiyo ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Kinondo mgeni hufungwa kitambaa cheusi, huambiwa asichume hata jani, na pana mahali ambapo hata ukilipa mara mbili huonyeshwi. Watalii wangu wa Gede waliokuwa wamepitia Kinondo walikuwa wakinilalamikia hilo, nami nilikuwa nawaitikia, pole, pole sana, wazee wetu ni wagumu. Nilikuwa naomba radhi kwa ajili ya mlango.

Mchana tulikwenda kwa Kumari. Nitapita haraka, ingawa wengine huja Kathmandu kwa ajili yake tu. Ni mtoto wa kike wa ukoo wa Shakya, Mbudha kwa kuzaliwa, ambaye Wahindu na Wabudha wanamwabudu kama mungu wa kike mpaka atakapoanza hedhi. Wafalme walikuwa wakimpigia magoti kila mwaka, na ufalme ulipofutwa 2008, marais wakaendelea. Nyumba yake ni ya 1757, madirisha ya mbao iliyochongwa mpaka unahisi mbao zinapumua. Kamera zikaingia mikobani. Alitokea dirishani, macho yamepakwa wanja mpaka karibu na masikio, akatutazama sekunde kumi hivi, vile mtu anavyochungulia kujua kama mvua imekatika. Kisha hayupo.

Patan ndiyo iliyonikamata.

Kundi lilikwisha kwenye uwanja wa kasri, mbele ya hekalu la Krishna la mwaka 1637, lote la jiwe katika mji wa matofali. Bakshishi zikatolewa, picha ya pamoja ikapigwa. Dai akaniambia mimi nibaki. "Wewe ni wa kazi. Nikuonyeshe kitu ambacho hakiko kwenye ratiba."

Kwanza akanipitisha kwenye kichochoro akasimama mbele ya tundu la ukutani. Pango dogo la matofali, chini pana jiwe la kukanyagia, na nyayo mbili za mawe zimebaki juu ya jiwe. Mwenye nyayo hayupo. Alikatwa vifundoni. Nepal ilianza kupokea wageni miaka ya 1950, akasema, na ingawa sheria ya 1956 ilikataza vitu vya kale kutolewa nchini, kuanzia miaka ya 60 mpaka ya 80 miungu iliondoka usiku, kutoka visimani, kutoka pembe za barabara, kutoka mahali ambapo haikuwahi kuwa na mlango wala kufuli kwa sababu nani angeiba mungu. Wezi hawakuwa na macho ya ajabu. Walikuwa na picha. Mtu alipita mchana na kamera, mwingine akaja usiku na nyundo.

Halafu akanieleza upande wa pili wa picha. Lain Singh Bangdel, mchoraji na mwanahistoria wa sanaa, alichapisha mwaka 1989 kitabu chenye picha za sanamu hizo zikiwa bado kwao, mahali pake, na picha hizo ndizo zilizokuja kuwa ushahidi.

Patko ni mtaa tu, una duka la simu na mbwa wamelala. Katika hekalu dogo, nyuma ya chuma, amesimama Lakshmi-Narayana, sanamu ya jiwe ambayo nusu ni mungu Vishnu na nusu ni mkewe Lakshmi, mwili mmoja. Iliibwa mwaka 1984. Watu wa mtaa wakaweka nakala wakaendelea kuiabudu hiyo. Ya asili ilionekana miaka mingi baadaye katika Jumba la Makumbusho la Sanaa la Dallas, Marekani. Ikalinganishwa na picha ya kabla ya wizi, na Machi 2021 ikarudishwa Nepal. Desemba mwaka huo ikarejeshwa hapa kwa maandamano. Tulipofika mama mmoja alikuwa anaipaka unga mwekundu usoni kwa kidole, anaibandika punje za mchele, anaisemesha. Uso ulikuwa umeshaanza kupotea chini ya wekundu. Mhifadhi wa makumbusho angezimia.

"Kule Dallas," Dai akasema, "miaka thelathini hakuna aliyemgusa."

Mwaka 1984. Mwaka uliofuata, 1985, vigango viwili viliibwa kwenye boma moja la Wagiriama, vikaonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa Kenya. Hilo nilikuwa nalijua kwa moyo. Nililisimulia pale Gede kila siku, likiwa na mwisho mzuri. Kigango, kwa asiyejua, ni mti mgumu uliochongwa kichwa na mwili, unaosimikwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu. Si kaburi na si sanamu yake. Ni yeye, amekaa pale, anamiminiwa mnazi, anapewa habari za nyumbani. Haking'olewi.

Ambalo sikulisimulia ni hili. Mwaka wangu wa tatu kazini, mgeni mmoja mpole, mtu mzima, aliyejua majina ya vitu kunishinda, aliniuliza kama naweza kumwonyesha vigango vya kweli, si vya makumbusho. Akaongeza noti. Nikampeleka kwenye boma la babu mmoja jirani na kwa mamangu, saa ambayo nilijua babu yuko juu ya minazi anagema. Sikumwomba ruhusa, wala hakuna niliyemwomba. Tulikaa dakika ishirini. Alipiga picha kila upande, na moja akanipiga mimi, nimesimama kati ya viwili, natabasamu, beji kifuani. Akanitumia kwa barua pepe na shukrani nyingi. Baada ya miezi minne mama akaniambia vile viwili vimeng'olewa usiku. Nikasema, lo. Sikusema kingine.

Sina uthibitisho kwamba ni yeye. Nimejiambia hivyo miaka yote na ni kweli. Ila kijia kile hakikuwa na kibao.

Nilimweleza Dai, tumeketi kwenye baraza la mbao ng'ambo ya hekalu, na mbwa mmoja ameniwekea kidevu juu ya kiatu. Hakunipa pole wala hakunikaripia. Aliuliza, "Ile picha unayo?"

Ninayo. Iko kwenye barua pepe ya zamani ambayo neno la siri nililisahau, na jioni ile, kwenye chumba cha wageni chenye baridi ya kukata, nilikaa saa nzima nikilitafuta mpaka nikalipata. Picha ni safi sana. Unaona hata ufa kwenye shingo ya kigango cha kulia, na vipande vya nguo vyekundu na vyeupe vilivyofungwa.

Nikamwandikia mama: yule babu bado yupo?

"Yupo," akajibu. "Bado anagema. Unamtakia nini?"

Nikamtumia picha. Tiki mbili zikageuka buluu. Akawa anaandika, anaacha, anaandika tena, na huko nje mtu alikuwa anapiga kengele ya hekalu la pembeni mwa barabara, moja, kisha nyingine.

"Hii," akaandika mwishowe, "mlipigwa na nani?"